Jinsi ya kujinoa kwenye mitandao ya kijamii ukiwa afisa uhusiano, hasa wewe unayeendesha peji ya taasisi peke yako

Naandika hii kwa ajili ya maafisa uhusiano na maafisa habari wenzangu, hasa nyie mlioajiriwa juzi juzi kwenye halmashauri, mamlaka za maji, hospitali, vyuo, saccos na mabenki madogo, sehemu ambazo ukiripoti tu unakabidhiwa simu ya ofisi na paswedi ya Instagram unaambiwa "kijana, hii mitandao ndio ya kwako sasa". Basi. Hakuna wa kukuelekeza. Chuoni tulisoma nadharia za mawasiliano, tukaandika taarifa za kufikirika kwa waandishi wa kufikirika, lakini kukaa saa nne usiku na raia mia mbili wenye hasira kwenye komenti hakuna mwalimu aliyetufundisha. Kwa hiyo hapa naeleza unavyoweza kujijenga mwenyewe ukiwa kazini, na nitakaa muda mrefu pale ninapoona wengi tunakwama, pengine nitapita haraka.

Tunapokwama zaidi ni kudhani ujuzi wa mitandao ni kuposti. Fungua peji za taasisi zetu uangalie, mkurugenzi anapokea wageni, mkurugenzi anasisitiza jambo, picha nane zinazofanana za watu wamekaa ukumbini, kapsheni inaanza na cheo kirefu mpaka jina la mtu linatokea mstari wa tatu. Halafu shuka chini kwenye komenti: "maji lini huku kwetu?", "namba yenu ya huduma haipokelewi", "nimelipia toka mwezi wa tatu sijaunganishwa". Kimya. Kesho picha nyingine ya ukumbini, kimya tena. Peji ya hivyo ni ubao wa matangazo tu, na mwananchi anaona kabisa kwamba ameongea na hakuna aliyemsikia. Mimi naamini afisa uhusiano anayejua mitandao ni yule anayejua kusikiliza na kujibu, kuposti kunafuata baadae, na ukishajua kujibu hata hicho cha kuposti utakijua maana watu wenyewe watakuwa wameshakwambia wanataka kujua nini.

Wiki za mwanzo: soma kabla hujaandika

Usianze na kubadilisha rangi za logo wala kutengeneza matangazo kwenye Canva. Kaa chini usome komenti na meseji za inboksi za miezi sita iliyopita, zote, hata zile za matusi. Fungua Excel au chukua daftari, andika swali, limeulizwa mara ngapi, na nani ofisini anajua jibu lake. Utashangaa kwamba maswali ni yale yale kama kumi au kumi na tano yanazunguka. Chukua hiyo orodha uzunguke nayo idara kwa idara, kaa na mhasibu, kaa na injinia, kaa na dada wa mapokezi maana huyo ndio anajua kuliko wote watu wanalalamikia nini, uliza jibu la kweli ni lipi, sio lile la kwenye brosha. Na kabla hujaondoka omba namba yake ya simu, umuulize wazi: "nikiulizwa hili saa tatu usiku naweza kukupigia?"

Hapo watu wengi wanaparuka kwa sababu haionekani kama kazi ya mitandao. Lakini afisa uhusiano hana jibu lake binafsi, majibu yako kwa mafundi, kwa madaktari, kwa watu wa mikopo, na kama hao hawakuamini hawatakupa kitu mpaka mambo yameshaharibika. Kwa hiyo ukitaka kujibu haraka mtandaoni, jenga kwanza urafiki kwenye korido za ofisi.

Ukimaliza ya ndani toka nje. Tafuta jina la taasisi yako TikTok, X, Facebook na JamiiForums, na usitafute jina rasmi peke yake, tafuta kifupi chake, tafuta lile jina la utani watu wanaloliita, tafuta hata likiandikwa vibaya, maana mtu mwenye hasira hakutagi, anaongea tu. Weka Google Alerts, ni bure, likitokea jambo kwenye tovuti au blogu unaletewa kwenye barua pepe. WhatsApp ndio ngumu kwa sababu huwezi kutafuta ndani ya magrupu ya watu, na kwa hapa kwetu stori nyingi zinaanzia huko kabla hazijafika popote. Dawa yake ni watu: mwenyekiti wa mtaa, mwandishi wa redio ya jamii, kiongozi wa bodaboda, mwalimu mkuu, hao wakiwa na namba yako wakaona klipu inazunguka watakutumia "eti hii ni kweli?" na hapo umepata nafasi ya kujibu mapema. Ukiona meseji imekuja na alama ya kwamba imesambazwa mara nyingi ujue imeshapita mikono mingi, WhatsApp wenyewe toka 2020 meseji za namna hiyo wanakuruhusu kuzipeleka kwa chati moja moja tu, lakini watu wanakopi, wanapiga skrinishoti, haizuiliki kirahisi.

Kujibu ni fani, ifanyie mazoezi

Tuchukue komenti moja ya kawaida kabisa kwenye peji ya mamlaka ya maji:

"Nyie wezi tu, nimelipia toka mwezi wa tatu mpaka leo hamjaniunganishia, hela mmeshakula."

Jibu ambalo tumezoea kuliona ni hili: "Ndugu mteja, tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza. Tafadhali fika katika ofisi zetu zilizo karibu nawe." Halina kosa la kisarufi, lakini halijambeba huyu mtu hata kidogo. Kashafika ofisini mara ngapi huyo? Usumbufu umejitokeza wenyewe? Sasa angalia hili:

"Pole sana ndugu yetu, toka mwezi wa tatu ni muda mrefu na una haki ya kukasirika. Naomba ututumie inboksi namba ya fomu yako na mtaa ulipo, usiiandike hapa kwenye komenti. Nalipeleka kwa mafundi sasa hivi na saa 10 jioni nakurudia na nilichokipata, hata kama halijaisha."

Angalia linafanya nini. Limerudia jambo lake mwenyewe kwa hiyo anajua umesoma. Limemlinda, namba zake haziko hadharani. Limetoa saa. Na limeahidi kitu ambacho kiko ndani ya uwezo wako, hujaahidi maji, umeahidi kurudi. Hiyo saa 10 ikifika rudi kweli, hata kusema "fundi bado yuko site, kesho asubuhi nakupa jibu". Kuna watu wamenyamaza kabisa kutukana kwa sababu tu mtu alirudi kwa wakati aliousema. Halafu likishatatuliwa rudi pale pale kwenye komenti, hadharani, uandike kwamba amefikiwa na ameunganishwa, maana aliyelalamika ni mmoja ila waliosoma malalamiko ni mia tano na wote wanasubiri kuona.

Mazoezi yake ni rahisi. Kila siku chagua komenti tatu ngumu, za kwako au za peji ya taasisi nyingine yoyote, andika jibu kwenye noti za simu, lisome kwa sauti. Likisikika kama barua ya ofisi, liandike upya. Fuatilia pia akaunti za huduma kwa wateja za Safaricom na Kenya Power kule X, Wakenya wanawaandama kutwa nzima na zinajibu mtu mmoja mmoja, ukikaa nazo jioni moja utajifunza mengi, mazuri ya kuiga na mengine utaona mwenyewe hapa mteja hajaridhika na kwa nini.

Kufuta komenti: usifute lawama. Mtu akisema huduma yenu mbovu muache, mjibu. Futa matusi ya nguoni, futa ubaguzi, futa namba za simu na picha za watu wengine, na zaidi ya yote futa matapeli, wale wanaofungua akaunti yenye logo yenu wanaingia chini ya komenti ya mteja "habari, tatizo lako tumeliona, lipia kwenye namba hii". Hao pita nao asubuhi na jioni, ripoti akaunti zao, na weka posti ya juu kabisa inayosema malipo yenu yanapita njia zipi na kwamba hamuombi hela inboksi. Mwananchi akiibiwa kwenye peji yako hatamlaumu tapeli peke yake.

Kuandika ili mtu mwenye bando dogo aelewe

Ile tabia ya kuchapa TAARIFA KWA UMMA kwenye A4, kusaini, kugonga mhuri, kuipiga picha na kuitupia Instagram kama ilivyo, tuiangalie upya. Kwenye simu herufi zinakuwa kama chawa, mtu inabidi avute picha kwa vidole viwili, na aya ya kwanza yote inasema "Mamlaka inapenda kuwataarifu wateja wake wote". Jambo lenyewe liko aya ya pili katikati.

Taarifa ikisema hivi: "Mamlaka inapenda kuwataarifu wateja wake kuwa kutakuwa na upungufu wa huduma kutokana na matengenezo ya bomba kuu, maeneo yatakayoathirika ni pamoja na yafuatayo", wewe kwenye kapsheni andika:

"Kesho Jumatano maji hayatatoka kuanzia saa 2 asubuhi mpaka saa 12 jioni, mtaa wa Sokoni, Mji Mpya na Relini. Tunabadilisha bomba lililopasuka karibu na stendi. Kinga maji leo usiku. Saa 12 na nusu jioni tutaposti hapa kuwaambia kama yamerudi au bado."

Lini, wapi, kwa nini, afanye nini, atapata wapi habari inayofuata. Mstari wa kwanza ndio kila kitu kwa sababu Instagram inakuruhusu herufi 2,200 lakini inaonyesha mistari michache tu ya mwanzo, mingine mpaka mtu abonyeze, na wengi hawabonyezi. X ya bure inakupa herufi 280. WhatsApp mtu anasomea kwenye grupu lenye meseji nyingine themanini juu yake. Kwa hiyo zoezi lingine ni hili, chukua taarifa moja ya ofisi kila siku iandike mara tatu, ya Instagram, ya X, na ya WhatsApp, usikopi na kupesti.

Ile barua yenye mhuri usiitupe lakini, iweke kama picha ya pili. Waandishi wanaihitaji, na inasaidia watu kutofautisha na zile feki. Ila kila picha unayoitoa iwe na tarehe kubwa inayoonekana, maana tangazo la mwaka juzi likichomolewa na mtu likasambazwa leo bila tarehe utakesha unakanusha.

Na lugha. "Sambamba na hilo", "aidha", "katika kuhakikisha kuwa", hayo maneno yabaki kwenye hotuba. Andika kama unavyomuelezea shangazi yako kwenye simu, kwa heshima na kwa ufupi.

Video, kwa simu uliyonayo

Usisubiri kamera. Shika simu wima, 9 kwa 16, futa lenzi kwa kitambaa safi kwanza (utastaajabu video ngapi zina ukungu kwa sababu ya mafuta ya vidole tu). Sauti ni muhimu kuliko picha, watu wanavumilia picha mbaya ila sauti ya upepo na jenereta wanapita. Tumia earphone zenye maiki au nunua maiki ndogo ya kubana kwenye shati, simama upande ambao upepo unakupiga mgongoni, sogea mbali na barabara.

Piga vipande vifupi vya sekunde tano tano: eneo kwa mbali, mikono ya fundi ikikaza bomba, uso wake, kipimo kinachosoma presha, maji yanatoka kwenye ndoo ya mama. Halafu muulize fundi mwenyewe swali moja, "hapa pamepasuka nini na mnamaliza saa ngapi?", mwache aongee kwa maneno yake. Fundi mwenye matope mikononi anaaminika kuliko sisi wote wenye vitambulisho shingoni. Unganisha kwenye CapCut au InShot, sekunde 30 mpaka 60, weka maandishi chini kwa sababu watu wanaangalia kwenye daladala bila sauti na kuna wasiosikia kabisa. Sekunde tatu za mwanzo weka lile jambo lenyewe, sio logo inayozunguka.

Bosi nae atataka kuonekana na ana haki yake. Msaidie. Usimpe karatasi asome, macho yanaonekana yanatembea. Kaa pembeni ya simu, muulize kama unaongea nae, akimaliza mwambie "samahani mheshimiwa, naomba tena kwa kifupi", ile ya pili huwa ndio nzuri. Ikiisha muonyeshe kabla hujaposti.

Siku mambo yakiharibika

Hapa ndio unapimwa. Nikupe mifano miwili ya kushika kichwani.

Tarehe 7 Juni 2016 umeme ulikatika Kenya nchi nzima. KenGen, kampuni inayozalisha umeme kule, wakatoa maelezo siku ile ile Facebook: tumbili alipanda juu ya paa la kituo cha umeme wa maji cha Gitaru akaangukia transfoma, ikajizima, mashine nyingine zikazidiwa na mzigo nazo zikatoka, zikapotea zaidi ya megawati 180. Wakaweka na picha ya tumbili. Wakasema yuko hai na amechukuliwa na Shirika la Wanyamapori, KWS, na wakaeleza kwamba vituo vyao vina uzio wa umeme wa kuzuia wanyama, na kwamba wanasikitika kwa kilichotokea. Watu walicheka dunia nzima, ndio, ila angalia nini hakikutokea: hapakuwa na siku tatu za uvumi kwamba kuna hujuma. Walisema chanzo, hata kama chanzo chenyewe kinachekesha, na wakaweka ushahidi.

Sasa geuza. Tarehe 9 Aprili 2017 abiria aliburutwa kutoka kwenye kiti chake ndani ya ndege ya United Airlines, uwanja wa O'Hare, Chicago, akiwa anatoka damu, na abiria wenzake wanarekodi. Taarifa ya kwanza ya bosi wa kampuni, Oscar Munoz, iliongea kama vile ni suala la kuwapangia watu nafasi nyingine tu, wakati dunia imeshaiona video. Kuomba radhi kwa ukamilifu kulikuja tarehe 11, na wakati huo hasira zilikuwa zimeshafika kwenye bei ya hisa. Ukiandika taarifa bila kuangalia klipu ambayo wananchi wameshaiangalia, utaandika kuhusu tukio lingine.

Jambo lenyewe sio la mitandao peke yake. Mwaka 1906 treni ilitumbukia majini Atlantic City kule Marekani wakafa watu zaidi ya hamsini, na Ivy Lee, mmoja wa waasisi wa fani yetu, aliyekuwa anaishauri kampuni ya reli ya Pennsylvania Railroad, akafanya kitu ambacho makampuni ya reli hayakuwa yamezoea, badala ya kuficha akaandika maelezo ya kampuni akayatoa kwa waandishi. Tofauti ya leo ni muda tu.

Kwa hiyo jiandae wakati kuna amani. Kaa na bosi wako siku ambayo hakuna tatizo lolote, mkubaliane vitu hivi: ikitokea dharura usiku nani anaidhinisha posti ya kwanza, akiwa kwenye ndege au hapatikani nani wa pili, na ni maneno gani wewe unaruhusiwa kutoa bila kumsubiri mtu. Pigania hilo la mwisho, kwa adabu lakini pigania, kwa sababu taasisi nyingi zinachelewa sio kwa kukosa mwandishi, zinachelewa kwa sababu rasimu iko mezani kwa mtu aliyelala. Maneno yenyewe yawe ya hivi: "Tumepata taarifa za moto kwenye jengo letu la stendi. Kikosi cha Zimamoto kiko eneo la tukio. Hatujajua bado chanzo wala kama kuna aliyeumia. Tunawaletea taarifa nyingine saa 3 kamili usiku hapa hapa." Tunachojua, tusichojua, tutarudi lini. Saa 3 ikifika hujapata jipya, rudi useme hujapata jipya. Na kabla ya yote simamisha posti zilizopangwa kutoka zenyewe, isije ikatoka "Ijumaa njema wateja wetu" katikati ya msiba.

Na akaunti yako binafsi nayo iko kazini. Desemba 2013 mkuu wa mawasiliano wa kampuni moja ya Marekani alitwiti utani wa kibaguzi kuhusu Afrika na UKIMWI kabla ya kupanda ndege kutoka London kwenda Cape Town, akakaa hewani masaa kumi na moja bila mtandao, akitua ameshatrendi dunia nzima, na kazi ikaisha. Wafuasi wake walikuwa wachache sana. Sisi ambao kazi yetu ni maneno watu hawatatusamehe kirahisi, kwa hiyo kabla hujaposti kwenye akaunti yako ukiwa umechoka au umekasirika, iache mpaka asubuhi.

Paswedi, ridhaa na sheria

Mei 2025 akaunti ya X ya Jeshi la Polisi Tanzania ilidukuliwa zikawekwa taarifa za uongo. Kama taasisi ya ukubwa ule inaweza kupatwa, ya kwako pia inaweza. Washa uthibitisho wa hatua mbili leo (ukiweka paswedi bado unaulizwa namba nyingine ya muda), na tumia programu ya kutoa namba badala ya meseji ya kawaida maana laini inaweza kurudishwa na mtu mwingine kwa ujanja. Peji za Facebook na Instagram zipitishie Meta Business Suite ambako kila mtu anaingia kwa jina lake, akiondoka unamtoa. Kuna taasisi peji yake imefunguliwa kwa barua pepe ya mwanafunzi wa fildi wa miaka ile na hakuna anayejua yuko wapi, angalia kama yako sio mojawapo.

Usitegemee mtandao mmoja pia. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp vilizima kwa pamoja karibu masaa sita. Uwe na orodha ya namba za wateja kwa meseji za kawaida, tovuti inayofanya kazi, na namba za redio za eneo lako.

Kuhusu picha za watu naomba tuwe wakali na nafsi zetu. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya wana ya kwao ya 2019, na Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data wa Kenya aliipiga shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuposti picha za watoto bila ridhaa ya wazazi, na klabu moja ya starehe shilingi 1,850,000 kwa kuweka mitandaoni picha ya mteja bila kumuuliza. Sasa fikiria mgonjwa amelala wodini, mkurugenzi anamkabidhi sabuni na wewe unapiga picha. Hata kama hakuna atakayekushtaki, huyo mtu amelala hana nguvu ya kukataa. Uliza kwanza, mueleze itawekwa wapi, andika au rekodi kwamba amekubali, na mtoto bila mzazi wake usimpige uso. Soma pia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na kanuni za maudhui ya mtandaoni, usisubiri mwanasheria akusomee, ni kurasa chache.

Ripoti ya kumpelekea bosi

Bosi atauliza "tuna wafuasi wangapi?" Mjibu, lakini mpe na vingine. Wataalamu wa kupima mawasiliano walikaa Barcelona 2010 wakakubaliana kwamba unapima kilichobadilika kwa watu na kwa taasisi, sio wingi wa ulichotoa, na kwamba kugeuza habari iliyotoka kuwa bei ya tangazo sio thamani ya kazi yetu. Kwa lugha ya ofisini kwetu: mwezi huu tumeulizwa maswali mangapi, tumejibu mangapi, kwa wastani wa muda gani, lalamiko gani limeongezeka, na kitu gani ofisi imebadilisha kwa sababu ya walichosema watu. Ukurasa mmoja, na skrinishoti moja ya mteja, jina limefichwa. Ukimpelekea bosi kwamba watu arobaini wameuliza swali moja la bili na baada ya kuweka video ya sekunde 40 wakabaki sita, mwezi ujao yeye mwenyewe atakuita kwenye kikao.

Kujifunza zaidi

Kozi za bure zipo, Meta Blueprint na HubSpot Academy zinatosha kuanzia, fanya moja uimalize kuliko kufungua tano. Ila mkono unanoleka kwa kazi, kwa hiyo omba kuendesha peji ya kitu kidogo nje ya ofisi, duka la mama, kwaya, timu ya mtaani, kikundi cha vikoba, huko unaweza kujaribu aina za video na muda wa kuposti bila kusubiri kibali cha mtu. Kama uko serikalini nenda kwenye vikao kazi vya TAGCO, chama cha maafisa mawasiliano wa serikali, sekta binafsi kuna PRST, chama cha wana uhusiano Tanzania, Kenya kuna PRSK ya kwao, na usikae nyuma ukicheza na simu, tafuta mtu aliyepitia dharura kubwa umuulize alifanya nini saa ya kwanza.

Kila kazi nzuri uliyofanya ihifadhi kwenye folda yako: komenti kabla na baada, taarifa ya A4 na kapsheni uliyoitoa humo, video, na takwimu za matokeo. Ondoa majina na taarifa za wateja. Kwenye intavyuu hiyo folda itaongea kuliko cheti. Na siku ukihama kituo, andika ukurasa mmoja wa makabidhiano wenye akaunti zote, barua pepe zilizofungulia, nani ana ruhusa, orodha ya maswali kumi na tano na majibu yake, na namba za wale watu wa saa tatu usiku, halafu jitoe kwenye peji zote mbele ya anayekupokea, abadilishe paswedi ukiwa umekaa hapo hapo.